Kabari Haina Macho: Historia ya Kupasua Kuni

Mwenye kikundi na akae na kikundi chake. Aliye peke yake nyumbani na avute kigoda karibu na redio. Juma lililopita tulizungumza habari za jembe. Leo tutamtazama ndugu yake jembe, yaani shoka, pamoja na ukoo wake wote: kabari, nyundo, na mashine ya kupasulia magogo.

Huenda mmoja wenu akauliza: "Mwalimu, historia ni habari za watemi na vita. Kuni nazo zina historia gani?" Swali hili ni zuri, na ili nilijibu yafaa kwanza twende Nkome.

Nkome iko kando ya Ziwa Victoria, katika Mkoa wa Geita. Mitumbwi ikifika mwaloni asubuhi, dagaa huanikwa juani wakakauka. Lakini sangara hawezi kufanyiwa hivyo. Sangara ana mafuta mengi. Ukimwanika ataharibika kabla hajakauka. Hana budi kukaushwa kwa moshi au kukaangwa. Kwa hiyo panapokaushwa sangara pana moshi, na panapo moshi pana rundo la kuni.

Nilisimama siku moja mbele ya rundo kama hilo. Hazikuwa kuni za kubeba kichwani. Yalikuwa magogo ya mkaratusi, mengine manene kuliko ndoo ya maji. Mama mwenye kazi ile aliniamkia, kisha akaniambia: "Mwalimu, vijana wangu wanapasua haya kwa shoka tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Nasikia iko mashine inayopasua gogo kama mtu amegapo mkate. Je, ninunue?" Sikuweza kumjibu kwa neno moja. Nilimwomba anipe siku chache. Somo hili ndilo jibu langu kwake, na kwenu nyote mnaopasua kuni.

Neno la kukumbuka katika somo zima ni hili: shoka, kabari na mashine ni kitu kimoja. Kilichobadilika katika miaka mingi ni nguvu inayoisukuma kabari. Mkono wa mtu haukubadilika. Basi kila nguvu inapoongezeka, mkono hauna budi kusogea mbali zaidi.

KABARI NI NINI?

Chukua shoka ulitazame kwa upande. Mbele ni jembamba, nyuma ni nene. Hiyo ndiyo kabari. Ukiisukuma ndani ya mti, nguvu yako inayokwenda mbele hugeuka ikawa nguvu ya kwenda kando, kulia na kushoto, nao mti hutengana.

Tena mti wenyewe hukusaidia. Ubao umefanywa kwa nyuzi zilizolala pamoja kama mganda wa nyasi. Kuukata mganda katikati ni kazi, lakini kuugawa kwa urefu ni rahisi. Kila mtu aliyekula muwa ajua jambo hili: kuukata muwa kwa kuvuka kwahitaji panga kali, lakini ukianza ncha kwa meno unachanika wenyewe hadi kwenye pingili. Fundo la mti ni kama pingili ya muwa. Hapo nyuzi hujikunja na kushikana, na hapo ndipo kazi na hatari huanzia.

Kwa nini tupasue? Kwa sababu gogo zima halikauki upesi. Mti mbichi waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Maganda huyafungia maji hayo ndani. Ukipasua, hewa hupata njia. Kuni iliyokauka hutoa moto mwingi na moshi kidogo. Kuni mbichi hutumia moto wake kuchemsha maji yake yenyewe, na macho ya mpishi ndiyo yanayolipa.

SHOKA LA WAHUNZI WETU

Upande huu wa ziwa chuma si kitu kigeni. Huko Kemondo, karibu na Bukoba, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua matanuri yaliyoyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Na katika nchi ya Geita na Biharamulo walikuwako Warongo, wahunzi waliojulikana sana. Walichimba mawe ya chuma, wakayayeyusha kwa makaa, wakafua majembe yaliyouzwa hata Usukuma.

Shoka la wahunzi wa namna hii lilikuwa na mkia. Mkia huo ulipenyezwa katika kichwa kinene cha rungu, nalo rungu ndilo mpini. Ni ufundi wa akili: kila ukipiga, mkia huzidi kukaza katika mpini wake. Lakini chuma chake kilikuwa chepesi na chembamba. Lilifaa kukata tawi, kuchonga, na kuangusha mti kwa subira. Kupasua gogo nene halikufaa, kwa maana lingenasa au mpini ungepasuka kabla ya gogo.

Wala wazee hawakuwa na haja kubwa ya kupasua. Pori lilikuwa karibu, na matawi makavu yalikuwa chini yakingoja kuokotwa. Akina mama na mabinti waliokota, wakafunga mzigo, wakarudi. Ndugu zangu, hili ni jambo la kutia moyoni: mwenye matawi makavu karibu na nyumba yake hahangaiki na gogo. Kupasua magogo ni kazi ya mtu mwenye moto mkubwa, au ya mtu ambaye matawi yamemwishia. Katika nchi yetu yalikuja yote mawili.

MOTO MKUBWA UNAKUJA

Tarehe 20 Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali panapoitwa leo Kisumu. Meli William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande na kuunganishwa hapo, ilikuwa imekwisha teremshwa majini mwaka 1900. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Magari moshi ya siku zile na meli za mvuke zilikula kuni. Kando ya reli na katika bandari palipangwa marundo marefu yakingoja mitambo ije ishibe.

Moto wa namna ile haukutosheka na matawi ya kuokota. Ulitaka vipande vya urefu mmoja na unene uliolingana, siku zote, masika na kiangazi. Ndipo wafanyakazi walipozoea misumeno mirefu ya watu wawili, nyundo nzito, kabari za chuma, na shoka la kiwandani. Shoka hili lina tundu, na mpini hupita ndani ya chuma. Si chuma kupita ndani ya mpini kama lile la wahunzi. Ni zito, na kichwa chake kinene hupasua vizuri. Lakini lina hatari ambayo lile la zamani halikuwa nayo: mpini ukikauka na kulegea, kichwa huchomoka kikaruka. Tazameni basi, faida mpya ilikuja na hatari yake mpya. Ndivyo itakavyokuwa hadi mwisho wa hadithi yetu.

PORI LINARUDI NYUMA

Huku moto ukikua, pori nalo lilikuwa likirudi nyuma. Sababu hazikuwa moja.

Katika miaka ya 1920, Shinyanga, watu kwa maelfu walifyeka vichaka ili kumfukuza mbung'o aliyeua ng'ombe na kuleta malale. Kazi hiyo iliongozwa na Charles Swynnerton, pamoja na watemi na watu wao. Haikuwa kazi ya bure. Mahali pengi mbung'o aliondoka, watu na mifugo wakapata nafasi. Mwaka 1947 ulianza mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, na watu kutoka sehemu zilizojaa walivuka kwenda Geita kufungua mashamba ya pamba na chakula. Hapo nako shoka lilifanya kazi. Katika miaka ya 1970 kaya zilihamishiwa vijijini. Watu waliokuwa wametawanyika wakakaa pamoja, na miti iliyokuwa karibu nao ikaisha upesi. Wengi waliziacha nyuma ngitili zao, yaani zile sehemu za malisho ambazo Wasukuma huzifunga wakati wa mvua ili zitumike kiangazi, ambamo miti nayo ilipata kupumzika.

Tusiseme kwamba hakuna aliyeona. Mwaka 1980 nchi nzima iliitwa kwenye redio katika kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Misitu ni Mali. Vikundi vilikaa, vikasikiliza, vikajadiliana, kama tufanyavyo sisi leo. Mwaka 1986 ikaanzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa kifupi HASHI. Ilirudi kwa wananchi ikawaambia: zirudisheni ngitili zenu. Nao walizirudisha, na mamia ya maelfu ya hekta yakapata miti tena. Jambo hili litufundishe kwamba msitu uliorudi nyuma waweza kuitwa ukaja.

Lakini katika miaka ile ile ya 1980 sangara alikuwa amejaa ziwani, na moto wa kumkausha ulikuwa umewashwa. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao walitaka matimba ya kushikilia kuta za mashimo yao. Wachoma matofali walitaka magogo ya tanuri. Matawi hayakutosha. Watu wakageukia mikaratusi iliyopandwa, nayo hutoa magogo makubwa, yenye nyuzi zilizoshikana. Ndivyo gogo nene lilivyofika mbele ya nyumba ya yule mama wa Nkome.

MASHINE ILITOKA WAPI?

Sasa tutazame mashine. Mwenye kuifahamu jeki ya gari amekwisha ifahamu mashine hii.

Katika karne ya 17, Blaise Pascal wa Ufaransa alieleza kwamba ukikisukuma kimiminiko kilichofungwa ndani ya chombo, msukumo huo huenea kila upande kwa kadiri ile ile. Mwaka 1795 Joseph Bramah, fundi wa Uingereza, alipata hati ya kumiliki ubunifu wa mtambo wa kukandamiza uliotumia kanuni hiyo. Hesabu yake ni hii. Chukua mitungi miwili iliyounganishwa na kujazwa mafuta. Mmoja una kizibo cha sentimita 1 ya mraba, wa pili una kizibo cha sentimita 20 za mraba. Ukikisukuma kile kidogo kwa uzito wa kilo 50, kile kikubwa kitasukuma kwa uzito wa kilo 1,000, yaani tani moja. Lakini hakuna cha bure: kidogo chapaswa kusafiri sentimita 20 ili kikubwa kisogee sentimita 1.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa Marekani na Ulaya walizidi kuitumia kanuni hii kwa kuni. Injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta, mafuta husukuma pistoni, na pistoni hulikandamiza gogo juu ya kabari. Kabari ni ile ile ya babu. Ila babu aliisukuma kwa mabega yake, na mashine huisukuma kwa tani 5, 10, au zaidi ya 20.

Hapa nataka mnisikilize sana. Shoka likipigwa lina kishindo, na mtoto mdogo hulikimbia. Mashine hii haina kishindo. Pistoni hutembea polepole, kama mzee aendaye kisimani. Upole huo ndio unaodanganya. Mtu huona pana nafasi ya kuliweka sawa gogo kwa mkono wakati pistoni inakuja. Lakini pistoni haipimi kama kilichoko mbele yake ni mti au mfupa. Kabari haina macho.

Nitawaeleza nililoliona. Miaka michache iliyopita nilifika katika jiko la taasisi moja, ambayo sitaitaja. Walikuwa na mashine ya namna hii, na watu wawili waliitumia kwa pamoja ili kazi iende upesi. Mmoja alishika gogo, mwenzake alishika wenzo wa kuendeshea. Walikuwa ndugu wa tumbo moja. Aliyeshika gogo alisema, "Ngoja." Injini ilikuwa ikinguruma, mdogo wake akasikia, "Ongeza." Vidole viwili vilibaki juu ya mashine. Yule mdogo hakuumia mwilini, lakini nilipokutana naye mwaka uliofuata aliniambia kwamba bado analisikia lile neno moja usiku. Hakuna aliyekuwa mlevi, wala mvivu, wala mjinga. Kosa lao lilikuwa moja: mkono wa mtu mmoja ulikuwa karibu na kabari, na mkono wa mtu mwingine ulikuwa kwenye nguvu.

KUCHAGUA CHOMBO

Basi mtu achague nini? Usianze kwa kutazama mashine. Anza kwa kulitazama rundo lako.

Kama wapika chakula cha nyumbani, yakutosha shoka zuri la kupasulia, lenye kichwa kinene, na jiwe la kunolea. Kama wapata magogo manene mara chache, ongeza kabari mbili za chuma na nyundo nzito. Kabari mbili, kwa sababu moja ikinasa ya pili huifungua. Kama kikundi chenu chapasua kila juma, iko mashine ya kusukuma kwa mkono au kwa mguu, ambayo kwa kweli ni jeki iliyolazwa. Haina injini, haili mafuta ya petroli, na huenda polepole. Kama kazi ni ya kila siku, kama katika baadhi ya viwanda vya chai vya nyanda za juu ambavyo hukausha majani kwa moto wa kuni, hapo mashine ya injini au ya umeme yaweza kuirudisha gharama yake.

Ukiamua kununua, jiulize mambo haya. Kwanza, unene na urefu wa gogo lako kubwa. Mashine ya tani 5 hadi 7 hufaa magogo yaliyonyooka yenye upana wa sentimita 25 hivi. Magogo makubwa yenye mafundo hutaka nguvu kubwa zaidi. Pili, mti wenyewe: mkaratusi ni afadhali upasuliwe ungali mbichi, kwa maana ukikauka huwa mkaidi. Tatu, vipuri, mipira ya mafuta na fundi wapatikana wapi? Mashine isiyo na fundi Geita wala Mwanza ni chuma cha kukalia.

Nne, na hili ndilo kubwa, jinsi ya kuiendesha. Mashine nzuri hutaka mikono miwili ya mwendeshaji mmoja: mkono huu kwenye wenzo mmoja, mkono ule kwenye wenzo wa pili. Ukiachia mmoja, pistoni husimama. Kanuni za usalama za Ulaya zimeutaka mtindo huu kwa mashine za kabari, kwa sababu mikono iliyo kwenye wenzo haiwezi kuwa kwenye gogo. Ukiona mtu amefunga wenzo mmoja kwa kamba ili abaki na mkono huru, jua kwamba ameiharibu sehemu iliyo bora kuliko zote.

Tano, jihadhari na mashine yenye pia ya chuma iliyo na nyuzi kama skrubu, ambayo huzunguka na kujichimbia katika gogo. Kitu kinachozunguka hushika khanga, mkono wa shati, au glovu, kisha humvuta mwenye nayo. Wale mnaofanya kazi kwenye karasha za kusagia mawe ya dhahabu mwaijua tabia ya kitu kinachozunguka. Na kama fundi wa kuchomelea atawaundia mashine, mwambieni mapema mwataka wenzo wa mikono miwili na kifuniko juu ya kila mkanda.

KUTUMIA BILA KUUMIA

Kwa shoka: tazama kichwa na mpini kila asubuhi. Weka gogo juu ya kisiki kifupi, si juu ya jiwe. Tanua miguu, na viatu viwe vya kufunika vidole. Ndara si viatu vya kazi hii. Mtu yeyote asikae karibu, mbele wala nyuma yako. Lenga ufa uliopo, epuka fundo. Usiligonge shoka kwa nyundo, wala usilitumie shoka kama nyundo.

Kwa kabari: tazama kichwa chake. Kikipigwa sana huchanua kama uyoga, na vibanzi vyake vya chuma huweza kuruka kama risasi. Kisugue kwa tupa hadi kiwe safi. Vaa miwani ya kazi. Jicho halina kipuri.

Kwa mashine: mtu mmoja, mashine moja. Mwenzako alete magogo na kuondoa kuni, lakini asimame mbali wakati pistoni inatembea. Gogo likatwe ncha zake zikiwa sawa, lilale kwa urefu, lisilazwe kwa kuvuka. Likinasa, rudisha pistoni, zima injini, ndipo ulitoe. Usipapase mpira wa mafuta kwa mkono kutafuta mahali panapovuja. Mafuta yenye nguvu ile hupenya ngozi kama sindano. Tumia kipande cha boksi. Na yakipenya, nenda hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo kama cha mwiba. Injini iendeshwe nje, kwa kuwa moshi wake huua ndani ya banda. Watoto wakae mbali, na kazi ikome jua linapozama.

Kwa kuni zenyewe: mnyaa, ule mti wa ua, una utomvu mweupe unaochoma macho. Usiupasue na kuni nyingine. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi, uende kwa mganga wa hospitali.

Na kama kidole kimekatika? Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uuinue mkono juu. Kidole kifunge katika kitambaa safi, kitie ndani ya mfuko wa nailoni usioingiza maji, kisha mfuko huo uweke juu ya barafu. Barafu isikiguse kidole. Mwaloni barafu ya samaki haikosekani. Mpelekeni mgonjwa hospitali upesi pamoja na kidole chake.

JIBU LANGU KWA MAMA WA NKOME

Nilirudi Nkome, tukaketi na yule mama na vijana wake. Tulihesabu kuni za juma zima. Tukaona kwamba magogo manene kabisa, yale yanayowachosha vijana, si mengi. Tukaona pia kwamba tanuri lao lilikuwa wazi pande zote, na moto ulikuwa ukiwapasha moto ndege wa angani.

Nikamwambia: "Mama, nunua kabari mbili, nyundo nzito, na miwani miwili. Gogo lipasuliwe siku linapoletwa, kabla halijakauka. Kisha zibeni tanuri. Kuni ambayo haikuchomwa haihitaji kupasuliwa." Aliniuliza kama ninamzuia asiendelee. Nikasema la, hasha. Kikundi chenu kikikua, nunueni mashine, ila iwe ya mikono miwili, na mwendeshaji awe mmoja.

Tena nikamkumbusha jambo ambalo kila mnunuzi wa mashine hii yampasa kulipima. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ambao shabaha yake ni kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu wengi zimekwisha agizwa kuacha kuni na mkaa. Anayenunua leo mashine ghali ya kupasulia kuni, na ajiulize itapasua kwa miaka mingapi.

Basi, ndugu zangu, hiyo ndiyo historia ya kuni. Babu alikuwa na matawi makavu karibu na shoka jepesi. Sisi tuna gogo nene na nguvu ya tani nyingi. Hatukuzaliwa na vidole zaidi ya vyake.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, kuni za miaka 20 iliyopita zilitoka wapi, na leo zatoka wapi? Wazee waanze kujibu.

2. Nani hupasua kuni katika kaya zenu? Ana viatu? Ana kitu cha kukinga macho?

3. Leteni mashoka na kabari zenu katika mkutano ujao. Tazameni kila mpini na kila kichwa. Ni vingapi vingefaa kutengenezwa kabla ya kupiga pigo jingine?

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza habari za tanuri na jiko banifu. Kwaherini.